Jiwe la Jikoni na Pafu la Fundi

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta mijadala ya Katiba, bajeti na ajira za vijana. Leo naomba tuingie jikoni, tusimame mbele ya ule ubapa mrefu ambao vitunguu hukatiwa juu yake, sinki huzamishwa ndani yake na jiko la gesi hukaa pembeni yake. Mafundi wa Arusha huuita kaunta, nami nitawafuata. Atakayedhani kwamba nimeishiwa na hoja za siasa avute subira. Uamuzi wa kuchagua kaunta una mnunuzi, una soko, una sheria iliyolala, na una kijana mmoja anayevuta vumbi kwa ujira wa siku. Kama hiyo si siasa, basi sijui tunafundisha nini vyuoni.

Jiji letu linajengwa. Kutoka Njiro hadi Olasiti, kutoka Moshono kupanda Ngaramtoni, na kuteremka Tengeru hadi Usa River, nyumba za familia, za kupangisha na za wageni zinaota kila msimu. Matarajio ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda, yameongeza kasi hiyo. Wakati huohuo namna yetu ya kupika inabadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo lina matokeo ambayo hayazungumzwi: anayepikia mafiga au jiko la mkaa hukaa kwenye kigoda, bali anayepikia gesi husimama. Mtu akishasimama anahitaji kaunta. Kifaa ambacho jana kilikuwa cha nyumba chache za wakubwa kitakuwa cha kawaida, na uzembe mdogo tunaouvumilia leo katika utengenezaji wake utazidishwa kwa idadi ya nyumba hizo zote.

Ni kweli kwamba kwa sasa kaunta nyingi ni za kutazamwa. Nyumba zetu za mjini mara nyingi zina majiko mawili: la ndani lenye makabati na jiwe linalong'aa, ambalo mgeni huonyeshwa, na la nyuma, lenye masizi, ambalo makande huchemka humo. Dada wa kazi huyajua yote mawili. Mwenye nyumba huijua zaidi bei ya lile la kwanza. Sina nia ya kumcheka mtu. Aliyejinyima miaka 10 akijenga kwa mkopo wa mshahara ana haki ya kutaka kitu kizuri machoni pake. Lakini tusisahau kwamba jiji hili ndilo lililolipa jina lake Azimio la Februari 1967, ambalo masharti yake ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo nyumba imekuwa ndiyo hati ya kwanza ya kufaulu maishani.

Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio mwaka 1977, aliwakaripia wananchi walioamini kwamba nyumba haiwi nyumba mpaka ipate saruji na bati, hata pale ambapo udongo mzuri wa matofali na vigae ulikuwa chini ya nyayo zao. Aliuhesabu mwelekeo huo kuwa ulemavu wa fikra. Nadhani alikuwa na haki kwa nusu. Saruji na bati vimewatoa watu wengi kwenye nyumba zinazovuja. Nusu nyingine ya hoja yake, ile ya kwanini tunakidharau kilichopo hapa na kukitukuza kilichotoka mbali kabla hata ya kuvilinganisha, bado haijajibiwa, na kaunta ni mahali pazuri pa kuijaribia.

Tuanze na majina, maana soko limeyavuruga. Marumaru, kwa Kiswahili cha kamusi, ni jiwe lililotokana na mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Kwa Kiswahili cha duka la vifaa vya ujenzi, marumaru ni kigae cha sakafuni kilichochomwa kiwandani. Graniti, ambayo kamusi hupenda kuiita itale, ni jiwe lililopoa polepole chini ya ardhi, lenye chembe za kwatzi ndani yake. Ndilo hilo tunaloliona limesimama wazi Mwanza, Singida na Dodoma. Dukani, hata hivyo, kila jiwe gumu linalong'aa ni graniti, na lile jeusi tititi linalopendwa sana mara nyingi mwanajiolojia angeliita gabro au jamaa yake, lisilo na kwatzi au lenye kidogo mno. Kisha kuna jiwe la kuundwa kiwandani, ambalo muuzaji huliita kwatzi tu: unga na chembe za kwatzi zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki, zikatiwa rangi na kushindiliwa kuwa bamba lisilo na doa.

Kwa mpishi tofauti hizi ni kubwa. Marumaru ya kweli huliwa na asidi, kwa hiyo ndimu, ukwaju, siki na hata nyanya iliyokatwa huacha baka lisilong'aa. Mtu asimwamini muuzaji wala katalogi. Aombe kipande cha sampuli, akikamulie ndimu, akiache robo saa na kukifuta. Kikifubaa, ajue anachonunua. Tone la maji lililoachwa juu ya jiwe nalo husema: likinywewa na kuacha kivuli, jiwe hilo litakunywa mafuta na manjano vilevile, na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kila baada ya muda. Kwa huku kwetu Meru ningeongeza jaribio la tatu, nalo nalithamini kuliko hayo mawili: utomvu wa ndizi mbichi. Mbunifu aliyechora jiko jeupe pepe huko Ulaya hajawahi kumenya mkungu mzima wa ndizi juu yake siku ya msiba.

Yote hayo ni habari za mpishi, na mafundi wazuri huyajua. Habari za mkataji ndizo hazisemwi.

Kwatzi ni silika ya fuwele. (Si silika ya mtu, ingawa silika yetu ya kupenda vinavyong'aa haiko mbali na kesi hii.) Jiwe linapokatwa kwa mashine kavu, ile grainda ya mkononi yenye diski, hutoa vumbi ambalo sehemu yake hatari haionekani kwa macho. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kupita puani na kooni na kutua kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Hujaribu kuzizingira, na katika kujaribu huko hujeruhi nyama laini ya pafu mpaka ikawa makovu magumu. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna tiba. Kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka 10 kujidhihirisha, ila vumbi likiwa zito huja mapema zaidi, na huendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Humwongezea pia hatari ya kupata kifua kikuu, na hapo ndipo anapopotea katika takwimu zetu: anaandikwa mgonjwa wa kifua kikuu, anapewa dawa, anarudishwa kwenye vumbi.

Sasa linganisha mawe. Marumaru ya kweli kwa kawaida huwa na silika ya fuwele chini ya asilimia 5. Itale huwa nayo kati ya asilimia 20 na 45 hivi. Jiwe la kiwandani la kwatzi, la aina iliyoenea duniani, hufika asilimia 90 na kuzidi. Kwa mwenye nyumba jiwe hilo ni salama kabisa. Likishafungwa mahali pake halitoi kitu. Hatari yote imebebwa na mtu ambaye hatalitumia kamwe.

Nchi zilizotutangulia kulipenda zimeshajifunza kwa gharama. Nchini Israel, ambako moja ya kampuni kubwa za jiwe hili ilizaliwa, madaktari walianza kuona wakataji wakihitaji kupandikizwa mapafu. Hispania iliona hivyohivyo, kisha California. Australia ilijaribu kwanza njia ya kanuni kali zaidi, ikagundua kwamba vijana wa karakana waliendelea kuugua, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza, kukata na kufunga jiwe la kiwandani la kwatzi. Marufuku ya kuliingiza nchini ikafuata Januari 2025. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi wa kazi, vyama imara vya wafanyakazi na hospitali za kila namna. Kama wao walishindwa kulidhibiti, mtu anayeniambia kwamba sisi tutalidhibiti kwa barakoa ya kitambaa anieleze kwa utaratibu, nitamsikiliza.

Hatuhitaji kwenda Australia kuyaona haya. Kutoka katikati ya Arusha hadi Mererani, wilayani Simanjiro, ni mwendo mfupi kwa gari. Tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio, na kwa miongo mingi vijana wameshuka mashimoni na kupanda wakiwa wamepakwa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Watafiti wa Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ambayo kwa muda mrefu imekuwa hospitali ya taifa ya kifua kikuu, wameandika kuhusu silikosisi na kifua kikuu miongoni mwa wachimbaji wadogo wa Mererani. Mwaka 2018 Serikali ilizindua ukuta wa kilometa 24.5 kuyazunguka machimbo hayo ili madini yasitoroshwe. Siupingi ukuta, mapato ya taifa yalikuwa yakipotea. Nasema tu kwamba tuliweza kujenga ukuta huo kwa miezi michache, kwa kutumia jeshi, kwa sababu tuliamua kwamba jiwe lina thamani. Pafu la anayelichimba halijawahi kupata azma ya namna hiyo.

Karakana za kaunta ni Mererani ndogondogo, zimetapakaa pembezoni mwa barabara zetu. Unaijua moja ukiiona: majani ya miti iliyo karibu ni meupe. Vijana wawili au watatu, mmoja kashika grainda, mwingine kashika bamba, wa tatu anangoja kusugua kingo. Anayejihadhari amejifunga kitambaa cha shati. Na kazi haishii hapo. Tundu la sinki na la jiko la gesi mara nyingi hukatwa nyumbani kwa mteja, ndani ya chumba, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisimkere jirani. Familia iliyokwisha kuhamia nayo huvuta, watoto wakiwemo.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za kazi zisajiliwe na wafanyakazi wapimwe afya, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, umepewa mamlaka ya kukagua. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao ni hatua kubwa na ya kupongezwa. Lakini mfuko huo umejengwa juu ya dhana ya mwajiri anayechangia kwa ajili ya mwajiriwa wake. Mwajiri wa kijana wa grainda ni nani? Mwenye karakana atasema ni fundi mwenzake waliyegawana kazi. Mteja atasema alilipa kwa mita. Mwagizaji wa mabamba atasema yeye anauza mawe. Silikosisi itakapodhihirika baada ya miaka, karakana itakuwa imeshafungwa, simu haipatikani, na mgonjwa hatakuwa na hata risiti moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi hiyo.

Huwa naambiwa kwamba sisi ni maskini mno kwa mambo haya. Jimbo la Rajasthan nchini India si tajiri, na limejaa wachimbaji na wachongaji wa mawe wasio na mikataba. Mwaka 2019 lilipitisha sera mahususi ya magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi: mfanyakazi hupimwa, akithibitishwa hulipwa na serikali ya jimbo, na akifariki familia yake hulipwa, bila kwanza kutakiwa kumsaka mwajiri aliyeyeyuka. Utekelezaji wake una kasoro, nao wanaharakati wa huko huzisema bila woga. Ila wameanza, na wameanza kwa watu wale ambao sisi tunasema hawahesabiki.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nalo ni la ajira. Kijana wa Kwa Mrombo anayekata mawe anaweza kulisha ndugu zake wanne kwa kazi hiyo, na msomi anayeandika dhidi ya jiwe kutoka ofisini anaweza kumwondolea mkate. Ndiyo maana sidai karakana zifungwe. Nadai zikate kwa maji. Msumeno wenye bomba la maji hulilowesha vumbi palepale linapozaliwa, kabla halijapaa. Tope linalobaki ni lazima lizolewe likiwa bichi, kwa sababu likikauka na kufagiliwa linarudi kuwa vumbi lilelile. Maji peke yake hayatoshi kwa jiwe la kiwandani, na kwa mawe mengine bado fundi anahitaji barakoa halisi ya kuchuja chembe, inayobana uso. Lakini kati ya kukata kavu na kukata kwa maji kuna tofauti kubwa sana, na gharama yake ni pampu ndogo, pipa na mashine inayofaa. Mafundi hulalamikia uhaba wa maji. Jiji lililojengewa mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika haliwezi kukubali hoja hiyo kwa urahisi.

Basi mtu achague nini? Nitasema yangu, na wenye utaalamu wa ujenzi wanirekebishe. Jiwe la kiwandani la kwatzi ningeliacha kabisa, na ningependa Serikali iweke zuio la kuliingiza sasa, wakati bado soko lake kwetu ni dogo na hakuna mwekezaji wa kumlilia waziri. Itale ningeikubali kwa sharti la kukatwa kwa maji karakanani, kwa vipimo vilivyochukuliwa mapema kwenye ubao au boksi lililokatwa kwa umbo la kaunta, matundu yote yakiwemo, ili nyumbani ibaki kazi ya kufunga tu. Lile jeusi lisilo na kwatzi nyingi lina unafuu kwa mkataji na halichagui ndimu wala ndizi. Anayetaka jiwe la kuagizwa aanzie hapo.

Ila nina swali kwa wenzangu tunaojenga kwa mishahara. Karibu kila jiko letu huanza na bamba la zege lenye nondo, lililomwagwa na fundi ujenzi kabla ya makabati. Bamba hilo tayari ni kaunta. Kisha tunalifunika kwa jiwe la kutoka India au China, yaani tunalipa mara mbili kwa kazi moja. Zege hilo likipigwa niru vizuri, au likamaliziwa kwa terazo, ile sakafu ya chembe za marumaru na saruji ambayo ipo kwenye hospitali na shule zetu za zamani na imekanyagwa kwa miongo bila kulalamika, linatosha kwa maisha ya mtu. Terazo husuguliwa kwa maji tangu zamani. Ni desturi ya ufundi wake. Kasoro yake ni kwamba saruji na chembe za marumaru huogopa asidi na hunywa mafuta, hivyo ihitaji kuzibwa vinyweleo na kibao cha kukatia kiwe karibu. Vigae navyo ni rahisi na imara, japo mistari ya katikati hushika uchafu, nayo kazi ya kuvikata ina vumbi lake. Mbao ya mninga ni nzuri mbali na sinki. Mbao za MDF zilizobandikwa plastiki juu ni rahisi siku ya kununua. Maji yakiingia kwenye pembe huvimba kama mkate, na hapo hakuna fundi.

Na mlima wenyewe? Meru ni volkano, na mlipuko wake mdogo wa mwisho ulitokea mwaka 1910. Mawe yake mengi ni ya jamii ya fonoliti na nefeliniti, ambayo kwa asili yake hayana kwatzi huru. Tunayajengea misingi na kuta, tunayamwaga barabarani. Chembe zake zikisuguliwa ndani ya terazo zingetoa kaunta ya kijivu au ya kijani iliyokolea ambayo haina mfano katika katalogi yoyote. Sidai kwamba machimbo yetu ni mahali pa amani. Mwezi Aprili 2013 ukingo wa machimbo ya moramu ya Moshono uliporomoka na kuua watu zaidi ya 10. Jiwe la nyumbani nalo lina deni lake. Hata hivyo, deni la machimbo yaliyo kata ya jirani tunaweza kulisimamia, tukitaka.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mna nguvu kuliko mimi. Halmashauri, vyuo na taasisi hununua kaunta kwa mamia ya mita: majiko ya mabweni, maabara, kliniki, mapokezi. Nyaraka za zabuni nilizowahi kuziona hutaja rangi ya jiwe, unene wake kwa milimita na aina ya ukingo. Namna ya kulikata haitajwi. Mstari mmoja katika jedwali la kazi na gharama, unaotaka jiwe likatwe kwa maji katika karakana iliyosajiliwa OSHA, na unaokataa jiwe la kiwandani la kwatzi, ungebadilisha karakana za jiji hili haraka kuliko semina yoyote, kwa sababu kazi za Serikali ndizo zinazolipa mashine.

Kwa wanafunzi mnaotafuta mada ya tasnifu na kurudia kila mwaka ileile ya mchango wa mitandao ya kijamii katika uchaguzi: hakuna aliyewahi kuniletea orodha ya karakana za kukata mawe za Arusha, zilizo na maji na zisizo nayo, zenye vijana wangapi, wa umri gani, walioanza lini, na waliowahi kupigwa picha ya kifua ni wangapi. Kazi hiyo haihitaji ruzuku. Inahitaji daftari, nauli ya daladala na mtu asiyeona haya kusimama kwenye vumbi akiuliza maswali.